Ndege Iliyomrudia Mpagazi

Nilikuwa na miaka arobaini na moja nilipolia sinemani, na wala hayakuwa machozi ya kupangusa kwa siri. Nililia kwa kwikwi, nimekaa kati ya bosi wangu na binti yake wa miaka minane, ndoo ya bisi mapajani, ndani ya jumba la sinema la Riyadh ambalo zulia lake lilikuwa bado linanuka gundi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue tangu mwanzo ana mjinga wa aina gani mbele yake.

Nilikuwa dereva wa nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa Al-Malqa, upande wa kaskazini wenye majumba ya ukuta mrefu na mageti ya umeme, na chumba changu kilikuwa kimeegemea geti, kina kitanda, kiyoyozi na dirisha dogo linalotazama magurudumu ya magari. Nilifika hapo kutoka Tanga wakati mwanamke haruhusiwi kushika usukani na mtu akitaka sinema inabidi avuke kwenda Bahrain. Familia ilikuwa ya watu watatu: bosi, mtu wa ofisini mwenye sauti ya upole, madam, aliyekuwa akifundisha chuoni, na binti yao, niliyemfahamu tangu anabebwa. Mtoto aliniita ammu, yaani ami yake, na mimi nililipokea jina hilo kama mtu aliyepewa cheo.

Kazi ya dereva wa nyumba, ukiitazama vizuri, si kuendesha. Ni kungoja. Nimengoja nje ya kumbi za harusi, nje ya hospitali, nje ya maduka makubwa, nje ya mikahawa ambayo harufu ya nyama yake inakufikia garini huku wewe unakula mkate na jibini ya pembetatu. Kwa miaka tisa niliyajua majengo yote ya Riyadh kwa upande wa maegesho.

Kisha mambo yakaanza kufunguka. Muziki ukasikika mikahawani, sinema zikajengwa, na ikatangazwa kwamba wanawake wataendesha. Madam aliposikia hivyo hakutaka kusubiri foleni ya shule ya udereva bila kujua lolote. Akanifuata getini asubuhi moja, bosi akiwa nyuma yake, akaniuliza kama naweza kumfundisha. Nilimtazama bosi. Bosi akasema, "Mafi mushkila, hakuna shida, mtoto atakaa nyuma." Ndivyo ilivyokuwa: kila Ijumaa asubuhi tulikwenda kwenye viwanja vitupu nje ya mji, ambako nyumba zilikuwa bado hazijajengwa, madam kwenye usukani, mimi pembeni yake nimejikunyata mlangoni kwa heshima, na mtoto kiti cha nyuma awe shahidi.

Nilimfundisha kwa finjani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi na mwalimu wangu kule Tanga, ila yeye alitumia kikombe cha chai. Unakijaza kahawa, unakiweka juu ya dashibodi, kisha unaendesha. Kahawa ikimwagika, unarudi mwanzo. Madam alimwaga kahawa wiki sita mfululizo. Alikuwa na hasira za karibu, akipiga usukani na kujilaani, nami nikimwambia, "Taratibu, madam. Gari haligombani na wewe." Wiki ya saba finjani ilivuka kiwanja kizima bila tone kuanguka, na mtoto alipiga makofi hadi nikamwonea wivu mama yake.

Nilikuwa na rafiki mmoja wa kweli pale, dereva wa Kikenya wa nyumba ya tatu kutoka yetu, mtu wa Nairobi asiyejua kunong'ona. Nilipomsimulia habari za finjani alishika kichwa.

"Mzee, wewe uko na akili kweli? Unamfunza madam kudrive? Ukimaliza, wewe utakuwa wa nini hapo?"

"Nitakuwa dereva wa bosi."

"Bosi ako na mikono miwili na licence. Hao watu watakuacha kwenye mataa, ukienda kuangalia ni green."

Nilimcheka. Nilimwona mtu mwenye roho ya kwanini, aliyekaa ugenini mpaka moyo ukaota sugu. Lakini maneno yake yaliniingia, maana nilihitaji miaka miwili zaidi. Si mitano, si kumi. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, na mimi na mama yake tulikuwa tumekubaliana kwamba akimaliza kidato cha nne narudi nyumbani moja kwa moja. Miaka miwili ile ilikuwa ndiyo kila kitu, na yote ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye sauti ya upole.

Ndipo ikaja siku ya sinema. Niliwapeleka, nikafungua milango, nikaanza kutafuta kivuli cha kungojea. Mtoto akagoma kuingia. Akasema bila ammu haendi. Madam akambembeleza, mtoto akakaa chini penye lami na gauni lake jeupe. Bosi akacheka, akaniambia, "Yalla, njoo." Nikafunga gari. Nilikumbuka kuitazama miguu yangu nilipovuka mlango wa kioo, kwa sababu nilikuwa nimevaa kandambili.

Filamu yenyewe ilikuwa ya safari. Mtaalamu mmoja wa ramani na bintiye wanakwenda kuutafuta mji uliofukiwa na mchanga, nao wamemwajiri mpagazi mzee awabebee mizigo. Kuna daraja la kamba, kuna nyoka, kuna mafuriko ndani ya pango, kuna waovu wenye mashati safi kupita kiasi. Mpagazi anabeba kila kitu, hata yule mtoto anapoumia mguu. Mwishoni mji unaporomoka, baba na binti wanakimbilia ndege yao kuukuu ya mabawa mawili, inapaa, na mpagazi anabaki chini, ng'ambo ya ufa, mgongoni ana sanduku lao la dhahabu. Hapigi kelele. Anaitazama tu ndege inavyozidi kuwa ndogo. Na hapo binti anamshika baba yake mkono anasema: tumemsahau mtu. Ndege inageuka.

Ilipogeuka, ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi, na mimi ndipo nilipoanza kulia.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo kwa nini filamu kama zile zinatushika. Watu wenye elimu huzidharau, wanasema ni za kukimbia dunia. Basi, na mimi nauliza, nani asiyetaka kukimbia kwa saa mbili? Sikudanganyika na chochote mle ndani. Mimi ni mtu wa injini. Najua ndege ile isingeweza kupaa na magurudumu yale, na najua mchanga wa kweli, nimeuosha kwenye magari ya watu miaka tisa. Kilichonishika hakikuwa dhahabu wala mji. Ni yule mzee kuhesabiwa. Walikuwa watatu walipoondoka na mtoto akahesabu, akaona wawili, akasema hesabu haijatimia. Mtu aliyezoea kukaa nje ya milango hahitaji zaidi ya hapo ili kwikwi zimpande.

Madam alinipa karatasi laini nipanguse uso. Bosi hakunicheka. Tulipokuwa tunatoka, aliniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Umeona? Na sisi hatumwachi mtu."

Nilivikwa kilemba cha ukoka nikakiona ni cha hariri. Usiku ule nilimpigia mke wangu nikamsimulia filamu yote, hata nyoka, na nikamaliza kwa maneno ya bosi. Mke wangu akasema alhamdulillahi. Rafiki yangu Mkenya nilimsimulia pia, naye akauliza swali moja tu: "Na hiyo ya kutomwacha mtu, ameiandika mahali?"

Miezi michache baadaye madam alipata leseni. Siku aliyojiendesha chuoni mwenyewe, nilisimama getini nikampungia mkono mpaka akapinda kona, kisha nikarudi chumbani na nikakosa la kufanya. Niliosha gari lililokuwa safi. Wiki zilizofuata nilimwagilia mitende, nikabadilisha balbu, nikapeleka nguo kwa dobi. Bosi aliona. Akaniita, akaniambia nimefanya kazi muda mrefu bila kupumzika, niende likizo miezi miwili, kisha nirudi tupange upya. Tena akaongeza ukarimu: wao walikuwa wanakwenda Jeddah kwa mapumziko ya shule, niende nao kwa gari, tupite Makka nifanye umra, halafu nipande ndege Jeddah.

Nilimwuliza kuhusu karatasi. Nilikuwa nimekwenda likizo mara mbili kabla, na kila mara bosi alinipa waraka uliopigwa muhuri wa kutoka na kurudi, nikaukunja ndani ya pasi kama hirizi. Akasema siku hizi hakuna karatasi, kila kitu kiko kwenye simu. Akaitoa simu, akaifungua, akaninyooshea. "Shika," akasema. "Soma."

Mimi nasoma Kiarabu. Si vizuri, lakini nilipigwa bakora za kutosha madrasa, na maneno ya serikali yanayohusu mfanyakazi mgeni nilishayakariri kwa macho. Ningeipokea ile simu na kuipitishia kidole polepole, ningejua. Lakini pale nilipolelewa, mtu mzima akikupa neno lake, kudai ushahidi ni kumvua nguo. Nikaweka mkono kifuani, nikaisukuma simu kwake bila kuitazama, nikasema, "Bosi, neno lako linanitosha." Akanitazama kidogo, akaiweka mfukoni.

Rafiki yangu alikasirika kuliko mimi nilivyowahi kukasirika. Tulikuwa Al-Dirah, kwenye maduka ya ule mtaa wa zamani, nikinunua udi na mikeka ya kuswalia ya kuwapelekea watu nyumbani. "Amekupea simu in your hand, na hukuangalia? Mzee, hiyo si heshima. Hiyo ni kujifunga macho." Nikamwambia yeye hajaiona ile filamu. Ndiyo, nilimjibu hivyo, mtu mzima na ndevu zangu. Vitu vingine nilivyokuwa nimenunua, baiskeli ya mtoto wa dada yangu na cherehani ya mke wangu, niliviacha chumbani ndani ya kartoni kubwa. Nilipanga kuvisafirisha kwa meli nikirudi Riyadh baada ya likizo.

Tuliondoka alfajiri. Madam aliendesha, bosi akakaa mbele, nami nikakaa nyuma na mtoto. Miaka tisa nilikuwa nimekaa mbele nikiwaona kupitia kioo. Siku ile niliona kisogo cha bosi kwa mara ya kwanza, kina kovu dogo ambalo sikulijua. Barabara ya kutoka Riyadh kwenda magharibi ni ndefu na imenyooka, na madam aliishika vizuri. Tulipofika kwenye mlima wa kuteremkia baada ya Taif, ambako barabara inajipinda na malori yananguruma breki, bosi alitaka nishike mimi. Madam akakataa. Akaomba finjani, akaijaza kutoka kwenye birika, akaiweka juu ya dashibodi. Tuliteremka mlima wote. Halikumwagika tone. Nilijivunia kazi yangu mpaka nikasahau kupumua.

Ni huko mlimani mtoto aliponiuliza, kwa sauti ndogo, "Ammu, yule mpagazi, ndege isingerudi angemkasirikia yule msichana?"

"Kwa nini amkasirikie? Mtoto hana kosa."

"Hata kama alikuwa anajua?"

"Lala," madam akasema kutoka mbele, akaongeza sauti ya redio. Mimi nikadhani anataka utulivu kwenye kona.

Makka nilifanya umra yangu, nikawaombea wote watatu, mmoja mmoja. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko mengine. Kisha Jeddah, siku mbili katika fleti karibu na bahari, nikilala sebuleni, na siku ya tatu baada ya adhuhuri walinipeleka uwanja wa ndege. Bosi alinikumbatia. Madam alisema Mungu akulipe kheri, macho yake kwenye usukani. Mtoto hakushuka. Alikuwa amejifunika shela ya mama yake usoni, nikamgongea kioo, nikamwambia tutaonana baada ya miezi miwili, nitamletea korosho. Hakuifunua.

Kwa afisa wa pasi ulikuwapo mstari mfupi. Nilitoa pasi na ikama, kile kitambulisho cha ukaazi ambacho mgeni kule hatoki hata kununua chumvi bila kuwa nacho. Likizo zangu za nyuma afisa alikitazama, akanirudishia. Huyu alipiga mihuri yake, akanipa pasi, na ikama akaitupa ndani ya kisanduku cha plastiki chini ya meza. Nikaiona ikiangukia juu ya ikama nyingine nyingi, nyuso zikitazama juu. Nikabaki nimenyoosha mkono.

"Ikama yangu," nikasema.

"Ya nini? Wewe ni kutoka kabisa. Halas."

"Mimi naenda likizo."

Akageuza skrini yake kidogo nione. Nikasoma. Safari hii nilisoma kila herufi, na niliielewa vizuri sana.

Nilimpigia bosi nikiwa nimesimama hapohapo, watu wakinipita ubavuni. Alipokea mlio wa kwanza. Nadhani alikuwa anangoja. Sikumtukana. Nilimwambia tu, bosi, wamechukua ikama. Akasema, kwa ile sauti yake ya upole, "Nilikupa simu usome. Hukutaka." Nikasikia indiketa ya gari ikilia upande wake. Madam alikuwa anapinda kona, na nina hakika aliipinda vizuri.

Kule Tanga watu waliniambia nishukuru, nimerudi mzima. Nilishukuru kwa mdomo. Ndani nilikuwa nachemka. Nilimkasirikia bosi, kwa kuipanga safari nzima, mpaka umra, ili nisilete zogo getini kwake. Nilimkasirikia madam kwa ile finjani. Na nitasema kweli hata kama ni aibu: nilimkasirikia na yule mtoto. Nilikuwa nimemwambia hana kosa kabla sijajua anachouliza. Rafiki yangu alinipigia kunieleza kwamba kartoni yangu ilitolewa nje siku ileile tuliyoondoka, kabla hata hatujafika Taif, na mtu akapita akaibeba. Hakuniambia nilikuonya. Aliniuliza tu kama nyumbani mvua imenyesha.

Mwaka mmoja na kitu ulipita. Sasa naendesha gari la shule, na binti yangu anasoma kwa kuungaunga. Jumamosi moja mchana alikuja na simu ya rafiki yake, akasema, "Baba, nimeipata ile filamu yako." Nilikuwa nimemsimulia sana zamani zile nilipokuwa nikipiga simu kutoka Riyadh, hata nyoka alimjua. Sikutaka kuitazama. Nikaitazama. Tulikaa barazani, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na daraja likakatika, na pango likajaa, na sikutarajia lakini moyo ulinienda mbio vilevile. Ndege ikapaa. Mtoto akamshika baba yake mkono. Ndege ikageuka, na binti yangu akapiga makofi, na mpagazi akapanda na lile sanduku.

Kisha nikaona nilichokikosa Riyadh kwa sababu ya machozi. Baada ya mpagazi kupanda, picha inahamia nyumbani kwao. Kuna bustani, kuna keki, kuna watu wamevaa vizuri. Baba yupo, binti yupo, sanduku lipo juu ya meza, limefunguliwa, linang'aa. Muziki unapanda, majina yanaanza kupita.

Binti yangu alichukua simu, akarudisha nyuma kidogo, akaangalia tena ile bustani, uso kwa uso, mpaka nyuma ya miti.

"Baba, na mpagazi yuko wapi?"

"Walimshusha Jeddah," nikamwambia.